Haki yako iko mikononi mwa jirani: hotuba kuhusu raia na Katiba ya Tanzania

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wananchi wa kata, mbele ya wazee, viongozi wa vijiji, akina mama na vijana. Wengi hawakuweza kufika kwa sababu ya shughuli za shamba, wakaomba niiandike. Naiweka hapa nzima, kama ilivyosemwa.

Mheshimiwa Diwani, waheshimiwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji wetu, wazee wangu, mama zangu, kaka, dada na wadogo zangu: nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Nimeombwa nizungumze juu ya haki na wajibu wa raia. Mada hii tumeizoea. Tuliisoma shuleni kwenye somo la Uraia. Tulichora mstari katikati ya ukurasa, upande mmoja haki, upande wa pili wajibu, tukajibu mtihani, tukaendelea na maisha. Na ule mstari ukabaki vichwani mwetu. Mpaka leo ukimsikia mtu mzima akizungumza, anasema: haki na wajibu vinakwenda pamoja, asiyetimiza wajibu asidai haki.

Ndugu zangu, hapo ndipo ninapotaka tuelewane kabla hatujafika mbali. Je, asiyelipa kodi ana haki ya kuishi? Anayo. Aliyeshikwa akiwa na kuku wa jirani ana haki ya kusikilizwa mahakamani? Anayo. Ibara ya 12 ya Katiba yetu inasema binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Haikusema binadamu wema. Haikusema waliolipa michango. Imesema binadamu wote. Haki si mshahara ambao mtu hulipwa baada ya kazi.

Sasa wajibu unaingilia wapi? Unaingia hapa: haki yangu, mimi peke yangu siwezi kuilinda. Nikikamatwa usiku, nitahitaji mtu wa kufuatilia niko wapi. Nikidhulumiwa kiwanja, nitahitaji shahidi. Nikiuliza swali mkutanoni nikazomewa, nitahitaji mmoja wenu aseme, “Mwacheni aulize.” Wajibu wangu ndiyo njia ambayo haki yako inapita kukufikia, na wajibu wako ndiyo njia ya haki yangu. Hilo ndilo nililokuja kulisema. Mengine yote ni mifano.

Niwarudishe nyuma kidogo, maana vijana wengi hawaijui habari hii. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ni ya mwaka 1977, lakini ilipoandikwa haikuwa na sehemu ya haki za binadamu ambayo mtu angeweza kuishika akaenda nayo mahakamani. Sehemu hiyo iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na hata baada ya kuingizwa ikasubirishwa. Ilianza kutumika mahakamani Machi 1988. Ndizo zile ibara zinazoanzia ya 12. Haki zinakwenda hadi ya 24, kisha zinafuata ibara za wajibu: kufanya kazi, kutii sheria, kulinda mali ya umma, kulinda taifa.

Machi 1988. Ushikeni mwezi huo, maana kilichotokea miezi michache baadaye ndicho kisa ninachotaka mkipeleke nyumbani.

Wilayani Muleba, mkoani Kagera, alikuwepo mama mmoja, Holaria Pastory. Baba yake alimwachia kwa wosia shamba la ukoo. Mama yule alikuwa anazeeka na hakuwa na mtu wa kumtunza. Tarehe 24 Agosti 1988 akaliuza lile shamba kwa shilingi 300,000, kwa mtu ambaye si wa ukoo. Tarehe 25 Agosti, yaani kesho yake, mtoto wa ndugu yake akawa ameshafika Mahakama ya Mwanzo kufungua kesi. Alisema shangazi hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo, kwa sababu ni mwanamke, na mila za Kihaya haziruhusu.

Nataka mlione jambo lenyewe lilivyokuwa. Hakuna aliyesema shamba si lake. Hakuna aliyesema ametapeli. Kosa lake lilikuwa moja tu, kuwa mwanamke. Na Mahakama ya Mwanzo ikakubaliana na ukoo: mauzo ni batili, arudishe fedha. Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Mzee, peke yake, ukoo mzima uko upande wa pili, na hakimu amekwisha kusema.

Mama yule hakurudi nyumbani kulia. Akakata rufaa Mahakama ya Wilaya, akashinda. Mpwa wake naye akaenda Mahakama Kuu, Mwanza. Na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ambayo mwanamume anaruhusiwa kuiuza inagongana na Katiba, kwenye ile ibara ya 13 inayokataza ubaguzi. Mwanamke na mwanamume sasa wana haki sawa, kwa masharti yaleyale. Ile sehemu ya Katiba iliyokuwa na umri wa miezi mitano tu mama alipouza shamba lake, ndiyo iliyomlinda.

Kesi ile imesomwa na wanasheria wa nchi nyingi. Lakini mimi nikiifikiria, simfikirii jaji tu. Nawafikiria majirani. Yule mnunuzi alikubali kusimama naye hadi mwisho, naye akashtakiwa pamoja naye. Je, walikuwepo wangapi kijijini waliojua kwamba mama anaonewa wakasema, “Hayo ni ya ukoo, tusiingilie”? Mama zangu mnaonisikiliza, na hasa ninyi akina baba: leo, miaka yote hii baada ya hukumu ile, mjane akifukuzwa kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe, nani kati yetu anasimama kwenye kikao cha ukoo? Hukumu tunayo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo imesema mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mlemavu haki ya ardhi haina nguvu. Kinachokosekana kwenye kile kikao ni mtu mmoja wa kulisema jambo hilo kwa sauti.

Na msidhani mambo haya ni ya wazee tu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa ikiruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, wakati kijana wa kiume anasubiri 18. Dada mmoja, mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, akaenda Mahakama Kuu kusema huu ni ubaguzi. Mwaka 2016 akashinda. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Yeye hakuwa anaozwa. Alikwenda kwa ajili ya mabinti ambao hawakuweza kwenda. Katiba, ibara ya 26, inasema kila mtu ana wajibu wa kuifuata na kuitii Katiba na sheria. Humohumo, kwenye ibara hiyohiyo, inasema kila mtu ana haki ya kuchukua hatua za kisheria kuhakikisha Katiba na sheria zinahifadhiwa. Kutii na kudai vimewekwa chumba kimoja. Anayewaambia raia mwema ni yule anayenyamaza, ameisoma nusu.

Sasa tushuke hapa kwetu, kwenye mkutano wa kijiji.

Ndugu zangu, nani mwenye mamlaka ya juu kabisa kijijini? Mwenyekiti? Mtendaji? Diwani, nisamehe mheshimiwa, je ni wewe? Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Wilaya, Namba 7 ya mwaka 1982, inasema ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na mkutano huo ni nani? Ni kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18. Kila mkazi. Haikusema mwenye shamba kubwa, haikusema mwanachama wa chama fulani, haikusema mwanamume. Binti aliyefikisha miaka 18 jana ana sauti sawa na mzee aliyeanzisha kijiji. Na mkutano huo wa kawaida unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila ridhaa ya mkutano huo. Msikilize tena: haiwezi. Mgeni akija na gari zuri na ramani akaoneshwa ekari za kijiji, na ninyi hamkukaa mkaridhia, ugawaji huo haujafuata sheria.

Je, mkutano wenu wa mwisho ulifanyika lini? Naona watu wanatazamana.

Tunapenda kusema viongozi hawaitishi mikutano. Wapo wasioitisha, na hilo ni kosa lao, tena kubwa. Lakini nimekaa na wenyeviti wengi, nao wana kilio chao: wanaitisha, watu hawaji. Mbiu inapigwa, tangazo linabandikwa, saa nne wanakuja wazee kumi na mbwa wawili, akidi haijatimia, kikao kinaahirishwa. Likija suala la kugawa mahindi ya msaada, uwanja unajaa. Likija suala la mapato na matumizi, uwanja mweupe. Halafu mwaka wa tano tunalalamika kwamba fedha zimeliwa.

Niwaelezee mkutano mmoja niliouhudhuria, kijiji sitakitaja. Ilikuwa ajenda ya mapato na matumizi. Mtendaji alisoma haraka haraka, kama mtu anayetaka kuwahi mvua: mchango wa wananchi kiasi hiki, nondo kiasi hiki, saruji mifuko 60, fundi kiasi hiki, salio sifuri. Akauliza kama kuna swali. Kimya. Watu wakaanza kukung'uta nguo wainuke. Ndipo mama mmoja, amembeba mtoto mgongoni, akanyoosha mkono. Akasema, “Mimi si msomi. Ila naishi mkabala na shule. Darasa limeishia kwenye msingi. Mifuko 60 imeingia kwenye msingi ule? Naomba fundi atuambie.”

Kuna waliocheka. Kuna aliyemwambia akae, anachelewesha watu. Lakini mzee mmoja wa upande wa pili akasema, bila hata kusimama, “Ajibiwe.” Neno moja. Kisha mwingine, “Ajibiwe.” Na hapo hakikuwa tena kikao cha kuwahi mvua. Fundi akaitwa, akasema alipokea mifuko 35. Ikaundwa kamati ya watu watano, huyo mama akiwemo. Mifuko iliyobaki ilikutwa imeazimwa kwenye ujenzi mwingine wa kijiji bila mtu kuandika popote. Ikarudishwa. Pengine hapakuwa hata na mwizi. Palikuwa na uzembe tu, na uzembe nao hujenga msingi usio na darasa juu yake.

Nani alilinda mali ya umma siku ile? Ibara ya 27 inasema ni wajibu wa kila mtu kulinda mali ya pamoja, kupiga vita uharibifu na ubadhirifu, na kuendesha uchumi wa taifa kwa makini, nainukuu, “kama watu ambao ndio waamuzi wa hali ya baadaye ya taifa lao.” Mama yule aliutimiza wajibu huo kwa swali. Lakini, ndugu zangu, bila yule mzee aliyesema “Ajibiwe”, swali lake lingezikwa palepale na vicheko. Wapo miongoni mwetu ambao hawatauliza swali hata siku moja, ni hulka yao, sina ugomvi nao. Ila kila mtu anaweza kusema “Ajibiwe.”

Sasa naja kwenye jambo zito, na naomba vijana wa bodaboda na wa sokoni wanisikilize kwa makini, maana ni wao wanaofika kwanza.

Mtu akipiga kelele ya mwizi, nini hufuata? Mnajua. Sina haja ya kueleza.

Niliwahi kuwepo. Ilikuwa jioni, stendi imejaa. Kijana anakimbia, nyuma yake watu, mwanzoni wanne, wakafika arobaini kabla hajavuka barabara. Wengi wa wale arobaini hawakujua ameiba nini, wala ameiba kwa nani. Walisikia neno wakaokota mawe. Alipoanguka, dereva mmoja wa bodaboda aliingiza pikipiki yake katikati, akaiegesha, akasimama mbele ya yule kijana. Hakutoa hotuba. Alisema, “Twendeni naye kituoni. Anayesema ameibiwa ni nani? Atangulie.” Akatukanwa, akasukumwa, kofia yake ya pikipiki ikapigwa jiwe. Hakuondoka. Wawili watatu wakaja kusimama naye, na kelele ikapungua kidogo kidogo. Wakampeleka kituoni.

Mnataka kujua kama aliiba kweli? Sijui. Na Katiba haikunitaka nijue. Ibara ya 13 inasema ni marufuku mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mkosaji mpaka ithibitike kwamba ana hatia. Aliiba au hakuiba, barabara ya stendi haikuwa mahakama, na wale arobaini hawakuwa mahakimu. Sheria inakupa nafasi raia: ukimwona mtu anatenda kosa unaweza kumkamata. Mkamate. Kisha umkabidhi polisi bila kuchelewa. Mamlaka yako yanaishia hapo. Ukipiga, umegeuka wewe kuwa mhalifu. Akifa, ni mauaji, na hakuna kifungu cha sheria kinachosema mauaji yakifanywa na watu wengi yanagawanywa.

Najua mtaniambia: tukimpeleka kituoni anatoka kesho yake. Uchungu huo naujua, na siupuuzi. Aliyeibiwa pikipiki aliyoikopa, halafu akamwona mwizi anakatiza mtaani, hana wa kumwambia atulie. Lakini tuulizane kwa ukweli: anatoka kwa nini? Mara nyingi anatoka kwa dhamana, ambayo ni haki yake, na ingekuwa yako pia. Na mara nyingi kesi inakufa kwa sababu shahidi hakuja. Wale arobaini waliookota mawe, walipoitwa kuandika maelezo walikuwa wapi? Mkono wa kurusha jiwe upo, mkono wa kusaini maelezo haupo. Wajibu wa raia hapo ni wa kuchosha: kwenda kituoni, kukaa kwenye benchi, kurudi mahakamani tarehe ikipangwa, na kurudi tena ikiahirishwa. Lakini bila mashahidi, hakimu afunge kwa ushahidi gani?

Na tukiwa hapohapo kituoni, niseme haraka mambo ambayo kila mtu ayajue. Ukikamatwa, una haki ya kuambiwa sababu. Una haki ya kuwasiliana na ndugu au wakili. Dhamana ya polisi haiuzwi. RB, ile namba ya taarifa uliyoandikisha polisi, haiuzwi. Ukiambiwa utoe hela ya mafuta ya gari, hiyo haimo kwenye sheria. Malipo halali ya Serikali yana namba ya kumbukumbu na stakabadhi. Yasiyo na stakabadhi, ulizia. Na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji kama mpokeaji. Tunapenda kumsema afisa aliyepokea. Je, yule aliyetoa ili apite mbele ya foleni, akamwacha mjamzito anasubiri? Naye ameiba, ameiba zamu ya mtu. Namba ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ni 113, kupiga ni bure.

Asiye na uwezo wa wakili asikate tamaa. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na wasaidizi wa kisheria wapo, watafuteni kupitia ofisi za halmashauri. Na tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama. Hili lilinifurahisha sana. Miaka mingi mtu alisimama kizimbani akisikiliza hatima yake ikiandikwa kwa lugha asiyoielewa.

La kodi sitalirefusha. Kiwango cha kawaida cha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kwetu ni asilimia 18. Ukinunua kitu cha shilingi 118,000 kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa, kwenye fedha hizo 18,000 umeshaitoa wewe, ni ya shule na dawa. Usipodai risiti, inaweza kubaki mfukoni mwa mtu. Ukikubali kupunguziwa kidogo ili usipewe risiti, mmegawana fedha ya zahanati. Basi.

Namalizia na kazi ambayo tunaweza kuifanya mwezi huu, maana sipendi tuondoke na maneno matupu. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaweza kuomba taarifa kwa maandishi kwenye ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Kila kijiji kilichopo hapa kichague watu watatu, mmoja awe kijana, mmoja awe mama. Waandike barua moja kwa mtendaji, kwa adabu, wakiomba vitu viwili: tarehe za mikutano mikuu iliyofanyika mwaka huu pamoja na mihutasari yake, na taarifa ya mapato na matumizi ya robo iliyopita. Wabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa na yenye tarehe. Zile siku 30 zianze kuhesabiwa kutoka kwenye muhuri huo.

Watendaji mliopo, msiione barua hiyo kuwa ya ugomvi. Mkiwa na mihutasari, itawachukua dakika chache kuitoa. Na kama hamna, mkutano unaofuata ndio wa kuanzia.

Karatasi na kalamu zipo pale mezani kwa mwenyekiti. Wa kijiji cha kwanza wanaweza kuanza sasa, nami nitakaa nao. Asanteni sana kwa kunisikiliza.